Mdeni si Mwizi

Wahenga walisema kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Methali hii husemwa kumwonya mkopaji, na ni haki aonywe. Lakini katika madeni ya siku hizi yuko mtu mmoja ambaye wahenga hawakumtaja, naye ni mwajiri. Zamani deni lilikuwa jambo la watu wawili, aliyekopa na aliyekopesha. Leo deni la mtu mwenye kazi hupita juu ya meza ya mwajiri wake: yeye ndiye akataye mshahara, yeye ndiye apelekaye fedha kwa mdai, na mtu akitafuta kazi mpya, yeye ndiye aulizaye kama mwombaji anadaiwa. Basi namna mwajiri anavyoshika jambo hili yaweza kumwinua mtu au kumwangusha pamoja na nyumba yake.

Mimi ni karani wa serikali hapa Nakuru, na kwa miaka kadhaa karatasi za mishahara zimepita mikononi mwangu. Nimeona mengi katika karatasi hizo, tena nimeyaona mengine nyumbani kwa jamaa zangu. Napenda kuyaeleza kwa wasomaji, makarani na wakulima, kwa maana wengi wetu twafikiri kwamba mkono wa mwajiri hauna mpaka, na wengi wa waajiri wafikiri vivyo hivyo.

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Katika nchi hii ya Bonde la Ufa, kuanzia Naivasha hata Njoro, Elburgon na Molo, babu zetu wengi walifanya kazi katika mashamba ya walowezi. Kwa sheria ya mwaka 1918 skwota alitakiwa kumfanyia mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka ili apate kukaa na kulima. Tena palikuwa na kipande, kilichowekwa kwa sheria ya mwaka 1915 na kuanza kutumika baada ya Vita Kuu ya kwanza. Kilitiwa katika kikopo cha bati na kuning'inizwa shingoni, na Wakikuyu walikiita mbugi, yaani kengele ya mbuzi. Ndani yake yaliandikwa alama za vidole, jina la bwana na mshahara wake. Mtu hakuweza kupata kazi kwa bwana mwingine mpaka bwana wa kwanza atie sahihi kwamba amemwachilia, na aliyetoroka kazi aliweza kushtakiwa na kufungwa. Kipande hicho kiliondolewa mwaka 1947.

Juu ya madeni palikuwa na sheria yake. Sheria ya mwaka 1948 ya kudhibiti mikopo kwa Waafrika ilisema kwamba mtu asiye Mwafrika hawezi kumdai Mwafrika mahakamani zaidi ya shilingi 200, isipokuwa mkataba umethibitishwa na ofisa wa serikali. Walioitunga walisema ni ulinzi, kwamba Mwafrika asije akanaswa na wenye maduka. Lakini wafanyabiashara wetu waliona kwamba ulinzi huo ulikuwa pia kamba, kwa kuwa hapana mwenye duka la jumla ambaye angemkopesha mtu asiyeweza kumdai. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1960.

Nayataja haya ili tuone kwamba mambo mawili yaliyotusumbua zamani yangali nasi kwa sura mpya. La kwanza ni mwajiri kuushika mshahara wa mtu kana kwamba bado ni mali yake. La pili ni karatasi isemayo habari za mtu kabla yeye mwenyewe hajafungua kinywa.

Tuanze na mshahara. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, katika kifungu cha 19, imeorodhesha makato ambayo mwajiri anaruhusiwa kukata. Yako makato yaliyowekwa na sheria yenyewe au kwa amri ya mahakama; yako ya mfuko wa akiba ya uzeeni; uko mkopo aliokupa mwajiri mwenyewe; na yako yale ambayo mfanyakazi ameyaomba kwa maandishi, nayo hayamfaidii mwajiri kwa njia yoyote. Kisha sheria ikaweka ukuta: makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili za mshahara. Mtu alipwaye shilingi 24,000 hana budi kupeleka nyumbani 8,000 kwa uchache, awe anadaiwa na mmoja au na kumi.

Kwa nini theluthi? Kwa sababu mdeni naye hula. Sisi tuliosoma katika shule za misheni twakumbuka kwamba Torati ya Musa ilimkataza mdai asichukue jiwe la kusagia la mtu liwe rehani, kwa maana asiyeweza kusaga hawezi kula, na asiyekula hawezi kulipa. Theluthi ya mshahara ndiyo jiwe la kusagia la mfanyakazi. Mwajiri akiligusa, hamwadhibu mdeni peke yake, bali humwadhibu na mtoto ambaye hakutia sahihi popote.

Hata hivyo ukuta huo umesogelewa sana katika miaka ya karibuni, wala si kwa mikopo tu. Chukua mfano wa karani wa kampuni apataye shilingi 60,000 kwa mwezi. Kabla ya Februari 2023 alikatwa shilingi 200 za NSSF na shilingi 1,300 za bima ya afya ya NHIF, jumla 1,500. Mwaka 2023 ilianza tozo ya nyumba ya asilimia 1.5, nayo kwake ni shilingi 900. Oktoba 2024 bima mpya ya afya ikaanza kukata asilimia 2.75, yaani 1,650. Na NSSF, kwa viwango vilivyoanza Februari 2025, humkata asilimia 6, yaani 3,600. Jumla ni shilingi 6,150, bila kutaja kodi ya mapato. Basi mtu aliyechukua mkopo mwaka 2022 akabakiza theluthi yake kamili, amejikuta chini ya theluthi ingawa hakukopa hata senti moja zaidi. Ofisini humwita mtu huyo mpenda mikopo. Si kweli, hesabu ndiyo iliyobadilika chini ya miguu yake.

Sasa nieleze jambo lililonifika karibu. Shemeji yangu, mume wa dada yangu, alikuwa mtunza ghala katika shamba moja la maua upande wa Naivasha. Jina la shamba sitalitaja. Alichukua mkopo wa shilingi 120,000 katika chama chetu cha akiba na mikopo, yaani sacco, ili amalize nyumba na kulipa karo. Wadhamini wake tulikuwa watatu. Aliandika barua kwa mwajiri akimruhusu kumkata shilingi 4,200 kila mwezi na kuzipeleka chamani. Mwajiri akakata. Kila mwezi karatasi ya mshahara ilionyesha makato hayo, na shemeji akalala usingizi akijua kwamba dawa ya deni kulipa, naye analipa.

Mwezi wa nane chama kikatuandikia sisi wadhamini. Barua ilisema kwamba mkopo haujalipwa kwa miezi saba, jumla shilingi 29,400, na kwamba akiba ya kila mdhamini imezuiliwa shilingi 9,800. Nilimpigia shemeji simu usiku ule ule. Akaniambia, "Shemeji, mimi nimekatwa kila mwezi. Karatasi zote ninazo." Nami nikajua kwamba fedha zilitoka mshahara lakini hazikufika chamani.

Wasomaji wengi watashangaa kusikia kwamba kosa hili lina sheria yake wazi. Sheria ya Vyama vya Ushirika, kifungu cha 35, yasema kwamba mwajiri aliyekata fedha kwa ombi la mfanyakazi asipozipeleka chamani kwa muda wa siku saba, atazilipa pamoja na riba isiyopungua asilimia 5 kwa mwezi, riba juu ya riba. Shilingi 4,200 zilizocheleweshwa miezi saba hufika karibu 5,900. Na Sheria ya Ajira yenyewe yamfanya mwajiri akataye bila kupeleka kuwa mkosaji, awezaye kutozwa faini hadi shilingi 100,000 au kufungwa hadi miaka miwili, au yote mawili. Kwa hiyo mwenye deni hapa hakuwa shemeji yangu. Mwenye deni alikuwa mwajiri.

Lakini deni lilikuwa limekwisha andikwa kwa jina la shemeji. Mkataba wake shambani ulipokwisha, aliomba kazi ya utunzaji wa ghala katika kampuni moja mjini Nakuru. Alifanya mtihani, akahojiwa, akaambiwa alete vyeti. Kimojawapo kilikuwa cha ofisi za kumbukumbu za mikopo, zile ambazo watu huziita CRB. Cheti kikakataliwa, kwa kuwa jina lake lilikuwa katika orodha ya walioshindwa kulipa. Akaenda kwa ofisa wa kampuni na karatasi zake saba mkononi. Ofisa akamwambia, "Bwana, sisi hatuweki mtu mwenye madeni karibu na mali." Shemeji akajibu, "Mzee, fedha hizi nilikatwa. Tazama hapa, mwezi kwa mwezi." Ofisa hakutazama.

Tulifanya yapasayo kufanywa. Tulichukua nakala za karatasi za mshahara, barua ya ruhusa ya makato, na taarifa ya mkopo kutoka chamani. Nakala moja tulipeleka kwa ofisa wa ushirika, nyingine kwa ofisi ya kazi mjini Nakuru, nyingine kwa ofisi ya kumbukumbu ya mikopo ili jina lipingwe. Mwajiri wa zamani alipoona kwamba jambo laweza kufika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo inakaa hapa hapa Nakuru, akaanza kulipa kwa mafungu. Akiba zetu zikafunguliwa, na jina la shemeji likasafishwa. Lakini kazi ya ghala ilikuwa imekwisha pewa mtu mwingine. Alikaa miezi mitano akibeba mizigo sokoni kabla ya kupata nafasi nyingine, na mtoto wake wa kwanza alikaa nyumbani muhula mmoja. Hapana aliyemwomba radhi.

Nimelitafakari sana neno la yule ofisa, na nataka kulipima kwa haki. Mwajiri ana sababu ya kutaka kujua. Mtu atakayeshika fedha za wengine, kama vile karani wa benki au mweka hazina, akiwa amezongwa na wadai, yumo katika majaribu. Katiba ya mwaka 2010, katika sura ya sita, imetaka viongozi wawe watu waadilifu, na kutoka hapo ndipo ilipoenea desturi ya kudai vyeti vingi: cha polisi, cha kodi, cha tume ya maadili, cha mikopo ya elimu ya HELB, na cha CRB. Lakini desturi iliyoanza kwa wakubwa imeshuka hata kwa dereva, mfagizi na mlinzi wa lango. Je, mfagizi akidaiwa shilingi 3,000 alizokopa kwa simu mtoto wake alipougua, ufagio utafagia vibaya?

Hapa ndipo tunapochanganya watu watatu. Yuko aliyekataa kulipa ilhali anacho. Yuko aliyeshindwa kulipa kwa sababu hana. Na yuko aliyelipa, lakini fedha zake zikazuiliwa njiani kama zile za shemeji yangu. Cheti cha CRB huwaweka wote watatu katika mstari mmoja. Mahakama zetu zimejua tofauti hii. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ilipoulizwa juu ya kumtia mdeni jela ya madai, ilieleza kwamba jela hiyo si ya mtu asiye na uwezo, bali ni ya yule mwenye uwezo anayekataa. Ikiwa hakimu mwenye mamlaka ya kufunga hana budi kuuliza kwanza kwa nini mtu hakulipa, itakuwaje mwajiri asiulize?

Zaidi ya hayo, kumnyima mdeni kazi ni kumnyima mdai malipo yake. Mtu asiye na mshahara atalipa kwa nini? Ni sawa na kumfunga ng'ombe mdomo kisha kumgombeza kwamba hatoi maziwa. HELB yenyewe yatafuta vijana waliosoma kwa mkopo wapate kazi, na sheria yamtaka mwajiri aijulishe bodi na kukata kidogo kidogo mpaka mkopo uishe. Lakini kijana huyo huyo hufukuzwa mlangoni kwa sababu hana cheti cha kuonyesha kwamba amelipa.

Serikali imejaribu kulegeza fundo hili. Mwaka 2020 kanuni mpya za mikopo zilikataza jina la mtu kupelekwa orodhani kwa deni lisilofika shilingi 1,000, na zikaondoa malipo ya cheti cha kwanza cha CRB. Mwaka 2022 Sheria ya Ajira ilirekebishwa, ikasema kwamba mwajiri asidai vyeti vya namna hii isipokuwa anakusudia kweli kuandikiana mkataba na mtu huyo. Mwaka huo huo kanuni za wakopeshaji wa kidijitali, hao wa kwenye simu, ziliwakataza kutisha watu na kuwapigia simu jamaa za mdeni. Wengine wao walikuwa na tabia ya kumpigia hata mkubwa wa kazi na kumtukana mtu mbele ya bwana wake. Mwaka 2023 ofisi ya Kamishna wa kulinda data ilianza kuwatoza faini waliovunja siri hizo. Haya ni mema. Lakini sheria isiyojulikana na mwenye haki ni kama mwavuli uliosahauliwa nyumbani siku ya mvua.

Kwa wafanyakazi wenzangu nasema hivi. Usitupe karatasi ya mshahara hata moja. Kila baada ya miezi mitatu omba taarifa ya mkopo wako chamani, uilinganishe na makato yako, na tofauti ikionekana, sema siku hiyo hiyo. Barua ya kuruhusu makato weka nakala yake. Wala usimpe mkopeshaji wa mtaani kadi yako ya benki pamoja na namba yake ya siri. Deni la namna hiyo halionekani katika karatasi yoyote, na theluthi uliyowekewa na sheria utakuwa umeitoa mwenyewe kwa mkono wako.

Kwa wakulima pia nina neno, kwa sababu mkulima wa Bahati au Olenguruone mwenye ng'ombe wanne na mchungaji mmoja naye ni mwajiri. Ukimpa mchungaji advansi, andika. Sheria yasema kwamba mkopo wa mwajiri usikatwe zaidi ya nusu ya mshahara uliobaki baada ya makato mengine. Usimfungulie deni la unga na sukari mpaka mwisho wa mwezi ukamwambia kwamba hana kitu chake. Hivyo ndivyo babu zetu walivyofanyiwa, nasi tulisema ni dhuluma.

Na kwa waajiri wakubwa na maofisa wao: ukiona jina la mwombaji katika orodha ya wadeni, muulize maswali matatu. Deni ni la nini? Lilianza lini? Je, una karatasi? Maswali hayo hayamalizi dakika kumi. Mwenye kukataa kulipa atajulikana kwa majibu yake, na aliyeonewa atajulikana vile vile. Fedha ulizokata kwa jina la mfanyakazi hazijawa zako hata usiku mmoja, bali umeshikilia amana ya mtu. Asiyepeleka amana huyo ndiye wa kuogopwa karibu na mali.